Jina Chini ya Chokaa

Nilimchukia Luhaga Shigela kwa mpangilio, kama ninavyojenga ukuta: msingi kwanza, halafu tofali juu ya tofali, na kila safu naipima kwa timazi. Sisemi hivi kwa kutubu. Nataka tu mjue mnamsikiliza mtu wa namna gani.

Mimi ni Mustapha, mwashi. Baba yangu, Gharib, alikuwa seremala. Alikuja Bariadi kutoka Ujiji na sanduku la misumeno, akaacha nyuma yake sanduku lile lile, mama yangu Mwanne, na mimi. Miaka ile ya Azimio, ukisimama kwenye geti la kinu cha pamba ukatazama kuelekea sokoni, ungehesabu maduka kumi na saba pande zote mbili za barabara kuu, na saba kati ya hayo nyuso zake nilizitengeneza mimi. Uso ni ule ukuta wa mbele unaopanda juu kuficha mabati. Hapo ndipo mwenye duka huandikwa jina lake na mwaka, kwa herufi za saruji zilizotokeza, kila mpita njia asome. Duka lisilo na jina usoni, kwetu, watu waliliulizia kama mtoto asiye na baba.

Barabara ile ilikuwa inabadilika kila ukipepesa macho. Duka la vitenge la Mhindi mmoja aliyehamia Mwanza likawa ofisi. Baa ikawa duka la ushirika. Mashine ya kusaga ikawa darasa la elimu ya watu wazima. Kila kilipobadilika kitu niliitwa mimi na ngazi yangu, nipige plasta juu ya jina la zamani. Wengine walisahau nani alikuwa wapi. Mimi nilijua kila jina lililolala chini ya kila chokaa.

Mgahawa wa mama haukuwa na jina usoni, kwa sababu haukuwa na uso. Ulikuwa chumba kimoja cha tofali za udongo, bati sita, na mlango wa mninga ambao baba aliuchonga mwaka aliokufa. Chini kwenye mlango ule kulikuwa na duara jeusi, ukubwa wa sahani, pale mama alipoegemeza jiko siku moja akasahau. Kwa miaka kumi na mitano alipika chai na vitumbua pale. Wapagazi wa pamba walikunywa kwake, karani wa kinu alikunywa kwake, na Shigela pia, kabla hajawa mtu wa kuitwa mwenyekiti.

Mwishoni mwa mwaka sabini na tatu ikaundwa kamati ya kunyoosha barabara, na Shigela akawa mwenyekiti wake. Majengo yote yakae kwenye mstari mmoja, walisema, na litakalopitiwa na kamba livunjwe. Sawa. Kamba naijua, ndiyo kazi yangu. Ingefungwa kwenye nguzo ya geti la kinu, ikavutwa mpaka kona ya soko, ingepita katikati ya ghala la mjomba wake Shigela. Basi Shigela akakiondoa kigingi cha sokoni, akakisogeza hatua nne. Ghala likapona. Kamba ikapita juu ya meko ya mama yangu.

Mimi nilikuwa Maswa wakati huo, pale Nyalikungu, najenga nyumba ya mtumishi. Niliporudi nilikuta uwanja mtupu na mafiga matatu meusi. Mama alipewa siku tatu. Alivunja mwenyewe, kwa jembe, kwa kuwa hakutaka wafungwa walioletwa kuvunja waguse kazi ya mumewe. Shigela alisimama kando, mikono mgongoni, akamwambia, "Mama Mustapha, barabara haina shangazi." Waliokuwapo wakacheka, si kwa sababu ilichekesha. Halafu akaagiza mlango wa mninga ubebwe, eti ni mali ya kamati.

Tangu siku hiyo mama hakupita tena barabara kuu. Akienda sokoni alizungukia nyuma, kwenye njia za ng'ombe. Nyumbani alikigeuza kigoda chake kikatazama ukuta, na ukimsemesha anakujibu vizuri tu, lakini hageuki. Nilimtazama mgongo ule kwa mwezi mzima. Kama kuna mtu ataniambia ningesamehe, aje kwanza aketi nyuma ya mgongo wa mama yake mwezi mmoja.

Januari Shigela akaniita. Ndiyo, mimi. Watu kama yeye wakishakukanyaga wanasahau, wanadhani na wewe umesahau. Tena mwashi wa kutengeneza uso wa duka nilikuwa peke yangu. Alikuwa amejipatia kiwanja kitamu, mkabala na ghala la serikali, ndani ya mstari wake mwenyewe.

"Fundi, nataka duka la vyumba vitatu," alisema. "Lakini elewa, si langu. Ni la dada yangu Nyanjige, yuko Bukundi, mumewe amefariki. Mimi namsimamia tu."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Usoni usiandike jina. Jina lolote. Piga chokaa tu, nyeupe."

Nilielewa. Azimio lilikuwa limekwisha sema kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha, asijiingize kwenye mambo ya kibepari. Yeye huyu ndiye aliyekuwa akilisoma Azimio mikutanoni, kwa sauti, mpaka jasho linamtoka. Nikajibu tena, "Ndiyo, mwenyekiti."

"Na mlango wa mbele usinunue. Ninao."

Wakauleta kwa mkokoteni. Nikauona kabla haujashushwa. Duara jeusi lilikuwa chini pale pale, ukubwa wa sahani.

Mikono yangu ilitaka kitu kimoja, lakini kichwa kilitaka kingine, na nashukuru siku hiyo kichwa kilishinda. Niliupokea mlango wa baba yangu, nikaupiga bawaba, nikaufungua na kuufunga mara mbili kuona kama unakwaruza. Shigela akasifu kwamba ni mlango mzuri. Nikasema ni mlango mzuri sana.

Nilipofika kwenye uso wa duka nilizungushia jukwaa magunia, nikasema jua linakausha plasta upesi. Nyuma ya magunia nilifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilichanganya saruji na mchanga wa mtoni, nikautwanga mchanganyiko ukawa mgumu kama ninavyoutaka, nikaumba herufi moja moja, kila moja urefu wa mkono: LUHAGA SHIGELA. Chini yake: 1974. Nikaziacha siku nne zikomae, nazinyeshea maji asubuhi na jioni. Kisha nikajaza udongo wa kichuguu na samadi katikati ya herufi na juu yake, nikausawazisha kwa mwiko ukawa laini, nikapaka chokaa mara tatu. Juu kabisa, pale ambapo mwashi yeyote mwenye akili huweka kofia ya saruji kuzuia maji, sikuweka kitu.

Udongo na chokaa hukaa vizuri kwenye jua. Kwenye mvua kubwa ya kwanza, maji yangeingia kwa juu, udongo ungelegea, na mwenye duka angejitangaza mwenyewe kwa barabara nzima. Shigela alilikagua, akalipigapiga kwa kiganja.

"Jeupe!" alisema.

"Jeupe, mwenyekiti."

Nikaanza kuingoja mvua. Na mvua ikakataa. Mtakumbuka mwaka ule. Masika yalidondosha manyunyu, vumbi likalowa juu tu, mahindi yakafia kwenye mifereji na pamba ikabaki kimo cha goti. Wakatoliki waliandamana na misalaba kuomba mvua. Sisi tulisali uwanjani chini ya jua kali. Sijawahi kuitikia amina kwa sauti kubwa namna ile. Jirani yangu kwenye safu alinishika bega, akasema moyo wangu unawahurumia watu. Nikaitikia amina tena.

Nyanjige alikuja na lori la Bukundi mwezi wa pili. Nilijiandaa kumchukia naye, nikidhani atakuwa kaka yake aliyevaa gauni. Nikakuta mwanamke mrefu, mkimya, mwenye mikono ya kazi, aliyesalimia kila mtu kwa zamu yake kama yuko kwao kijijini. Hakujua chochote kuhusu kamba wala kigingi. Wiki ya pili aliuliza majirani kwa nini mwashi ana mama asiyeonekana barabarani, na wale wakamweleza. Jioni ile ile akaja nyumbani kwetu, akapiga magoti mlangoni, akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

Mama akaitikia, mgongo bado kwetu.

"Baraza ya duka ni ndefu," Nyanjige alisema. "Kona ya mkono wa kushoto haina mtu. Njoo uweke meko yako pale. Na ule mlango, mayu, nimeambiwa. Kaka akiacha kunifuatafuata nitakurudishia."

Nilijua mama atakataa. Mama akageuka. Alimtazama yule mwanamke, kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo, halafu akasema, "Nitakuja kesho."

Kesho yake akaenda, akipita barabara kuu, na kapu la vikombe kichwani. Nilimfuata kwa nyuma nikijifanya naenda kazini, machozi yananitoka kama mjinga.

Basi nikawa nakunywa chai pale kila siku. Mara ya kwanza kwa ajili ya mama. Mara ya kumi sikuweza tena kusema kwa ajili ya nani. Nilianza kunyoa ndevu hata siku ambazo hazikuhitaji, na wapagazi wakaanza kunitania kwamba mwashi sasa anajipiga plasta. Nyanjige hakuwa msemaji, ila alikuwa na namna ya kuuliza swali kisha akaacha kazi yote mpaka ujibu. Aliniuliza jinsi ya kupima ukuta kwa maji. Aliniuliza baba alikuwa mtu gani. Niliujibu uso wake nikiwa nimekaa chini ya uso mwingine, ule mweupe, na nilijua kilicho ndani yake.

Likitokea jina la Shigela, duka litachukuliwa. Hilo lilikuwa wazi kama mchana. Litachukuliwa kwake yeye, lakini atakayetoka mlangoni na mizigo ni Nyanjige. Na kona ya mama itakwenda nayo.

Basi kila asubuhi, nikimuona Nyanjige anafagia baraza, nilisema leo nitapanda na patasi, nitasema nakarabati, nitazing'oa. Na kila mchana Shigela alikuja. Aliketi kwenye kiti cha ndani, akaagiza chai kwa kupiga meza kidole, hakuwahi kumsalimia mama hata siku moja. Siku moja, akiwa na wenzake, alimwambia mama, "Unaona? Sasa umenyooka na mstari." Mama akamwongezea sukari. Nami nilisema, zikae. Zikae pale pale mpaka Mungu alete maji. Asubuhi ikifika nasema zitoke, mchana ukifika nasema zikae, na miezi ikapita hivyo, yote kumi.

Mvua ilikuja Desemba, siku ya gulio, saa nane mchana. Mkabala na duka, mbele ya ghala la serikali, kulikuwa na foleni ya unga wa njano, ule tuliouita unga wa Yanga. Wengine wamesimama wenyewe, wengine wameweka mawe na makapu kushika nafasi. Maofisa wawili wa mkoa waliovaa suti za Kaunda walikuwa wamekuja kusimamia ugawaji. Upande wa Dutwa mbingu ikawa nyeusi kama sufuria. Tone la kwanza liliponipiga mkononi nilijua nimechagua, na nilimchagua Nyanjige. Nilikimbia nyumbani nikaleta ngazi, nyundo na patasi.

Nilipopanda na kukanyaga ukingo mwembamba ulio chini ya herufi, maji yalikuwa yamekwisha kuingia kwa juu. Udongo ulikuwa unateremka ukutani, hudhurungi juu ya weupe, na herufi ya kwanza ilikuwa nje tayari. Nikaweka patasi kwenye ile L, nikapiga. Ikatoa cheche tu. Nikapiga tena kwa nguvu zangu zote. Saruji ile niliitwanga mwenyewe, niliinyeshea maji mwenyewe asubuhi na jioni, na sasa ilinikatalia mimi niliyeiumba. U ikatoka. H ikatoka. Nilitaka kurudi kwenye ngazi niihamishe, niziwahi za mbele, nikatazama chini.

Ngazi haikuwapo. Mama alikuwa ameiondoa, ameilaza kwenye matope, na mguu ameuweka juu yake.

"Mama! Nirudishie ngazi!"

"Kaa huko huko."

"Mama, Nyanjige atafukuzwa! Na wewe utaondoka hapa!"

"Nilikuona na saruji kwenye kucha siku ile uliposema unapaka chokaa," mama alisema. Hakupaza sauti, mvua ilipungua kidogo kama inamsikiliza. "Chokaa haigandi hivyo. Wewe unadhani nilikuja kukaa hapa kwa ajili ya vitumbua? Nimemtilia sukari mwaka mzima, Mustapha. Nilitaka niwe karibu."

Watu wa foleni hawakukimbia mvua. Walikuwa wameingoja mwaka mzima, walisimama wameachama midomo, wengine wanacheza. Halafu mmoja akanyoosha kidole. Halafu wote wakaacha kucheza. Wasioweza kusoma waliuliza wanaoweza, na wale wahitimu wa darasa la jioni, waliojifunza kusoma miezi michache tu nyuma, walisoma kwa pamoja, herufi kwa herufi, kwa sauti, kama wako mbele ya ubao.

Shigela alikuwa ndani na chai yake. Alisikia jina lake likisomwa na barabara nzima, akatoka mpaka katikati ya maji, akainua kichwa. Hapo angeweza kusema neno moja tu akapona. Angesema ni fitina, ni chuki za mwashi. Nani angeweza kuthibitisha? Nilining'inia pale juu nimeshika herufi zangu, nikasubiri aseme hivyo. Lakini hasira ilimtangulia.

"Mwashi, mbwa wewe! Si nilikukataza kuandika jina langu kwenye duka langu?"

Mvua ilikuwa inanyesha, lakini kila mtu alisikia. Mmoja wa wale maofisa alivuka barabara polepole, viatu vinazama.

"Duka la nani, ndugu mwenyekiti?" aliuliza.

Mama akaenda kwenye meko yake, akaketi. Nilimwona kutoka juu. Alikuwa anatabasamu, na nisidanganye, mimi pia nilikuwa natabasamu. Utamu ule nimeuonja mara moja maishani, na ulikuwa mtamu. Kisha nikamwona Nyanjige. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye mlango wa baba yangu, hamtazami kaka yake wala ofisa. Ananitazama mimi, na patasi mkononi mwangu.

Kabla ya Januari kuisha Shigela alikwisha vuliwa kila kitu. Akahamia kijiji cha ndani, na sikuuliza kipi. Duka likawa la ushirika. Kona ya mama ikajaa magunia, na mama akarudi nyumbani, lakini kigoda chake sasa kilitazama njia, na anayepita anasalimiwa yeye kwanza.

Siku ya kuondoka Nyanjige alikuja mwenyewe, amebeba upande mmoja wa mlango, na mpagazi upande wa pili. Wakauegemeza kwenye ukuta wetu. Mama akamshukuru, "Wabeja, mwanangu," akaingia ndani. Tukabaki wawili.

"Uliandika wewe," alisema.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Kabla sijakujua," nilisema upesi, maana jibu hili nilikuwa nimelitayarisha siku nyingi, na niliamini lina nguvu. "Nyanjige, wallahi, nilipoandika sikukujua."

Akaniuliza lile swali lake la kuacha kazi yote mpaka ujibu. "Na uliponijua?"

Alingoja. Lori la Bukundi lilipiga honi huko barabarani, akaendelea kungoja.

"Miezi kumi, fundi," alisema mwishowe. "Na ngazi ulikuwa nayo."

Akaenda zake. Mlango nimeupiga bawaba kwenye chumba cha mama, duara jeusi chini, unafunguka vizuri. Ushirika waliniita nilitoe lile jina usoni, nikashindwa. Patasi tatu zimevunjika. Saruji hakuna madukani, kwa hiyo nalifunika kwa udongo na chokaa, na kila mvua kubwa ikija linatoka tena, LUHAGA SHIGELA 1974. Watu wanacheka, wananiita, nami nabeba ngazi ile ile, napanda.